Itaje Njia Kabla ya Kulipa: Baiskeli na Barabara za Changarawe Mkoani Songwe

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji atakuwa na uwezo wa kufanya mambo matatu: kueleza kwa usahihi hali ya njia anayokusudia kuipita, kuikagua baiskeli kwa kuilinganisha na njia hiyo, na kununua au kukodi kwa maandishi yatakayomlinda iwapo bidhaa haitafaa.

1. Kwa nini somo hili

Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Una wilaya nne, nazo ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Makao makuu yake yapo Vwawa, na mji wake wenye pilikapilika nyingi zaidi ni Tunduma, uliopo mpakani mwa Zambia. Lami imeufikia mkoa huu kupitia barabara kuu chache: ile ya TANZAM inayokwenda Zambia, ile ya Tunduma hadi Sumbawanga, na ile inayotoka Mpemba kuelekea Isongole katika Wilaya ya Ileje. Ukiziacha hizo, sehemu kubwa ya safari za wananchi hupita juu ya changarawe na udongo.

Katika njia hizo baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba kahawa kutoka shambani, mahindi kwenda mashineni, madumu ya maji, na pengine mgonjwa anayewahishwa zahanati. Sambamba na kazi hizo, wapo watu wanaoendesha baiskeli kwenye changarawe kwa mazoezi na matembezi. Mchezo huu umekua upesi duniani. Huko Toscana, nchini Italia, tamasha la L'Eroica limewakusanya waendeshaji kwenye barabara nyeupe za vijijini tangu mwaka 1997. Mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za changarawe yalifanyika katika jimbo la Veneto, nchini humo humo. Jirani zetu wa Kenya wana mbio za Migration Gravel Race, zilizoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara.

Mchezo unapokua, biashara huufuata. Mnunuzi hukutana na baiskeli mpya na za mtumba zinazosifiwa kuwa ni za changarawe, za milimani, au za njia zote. Sifa hizo hazina kipimo. Baiskeli inayotulia kwenye changarawe laini ya uwandani inaweza kumwangusha mtu kwenye mteremko wa kuingia Bonde la Rukwa. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: njia ndiyo inayoichagua baiskeli. Anayeanza na baiskeli na kuifikiria njia baadaye hulipa mara mbili, na mara ya pili pengine hulipa kwa mwili wake.

2. Nchi tatu ndani ya mkoa mmoja

Songwe ni mkoa wenye sura nyingi. Kwa madhumuni ya mwendesha baiskeli, tuugawe katika sehemu tatu.

Uwanda wa juu. Hii ni nchi ya Mbozi na viunga vya Tunduma, iliyo katika mwinuko wa takriban mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya kahawa na mahindi, yenye vilima vya wastani na udongo mwekundu. Hapa ndipo kilipo Kimondo cha Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi: bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Njia zinazochepuka kutoka barabara kuu kwenda huko na kwenye vijiji vya kahawa zinamfaa anayeanza. Vijiji viko karibu karibu, maji hupatikana, na fundi hayuko mbali. Hatari kubwa ya uwanda huu iko kwenye lami yenyewe, kwa kuwa malori yaendayo Zambia na Kongo hupita TANZAM usiku na mchana. Panga safari yako ili uitumie barabara kuu kwa kipande kifupi iwezekanavyo.

Milima ya Ileje. Kusini mashariki nchi huinuka na kukunjamana, na baadhi ya vilele hupita mita 2,000. Mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Barabara ya lami hurahisisha kufika Itumba na Isongole, lakini njia za kwenda vijijini ni za kupanda na kushuka pasipo kupumzika. Asubuhi huwa na ukungu, na miezi ya Juni na Julai ina baridi kali. Hapa gia na breki ndizo zinazoamua kama utaendesha au utasukuma.

Bonde la Rukwa. Kaskazini nchi huporomoka kuelekea Ziwa Rukwa, ambalo liko katika mwinuko wa takriban mita 800 tu. Anayetoka Mlowo kwenda Kamsamba, kwenye Mto Momba, anaanzia kwenye baridi ya uwandani na kuishia kwenye joto la bonde, akiwa ameshuka mamia ya mita. Mteremko ukiisha, hukutana na tambarare yenye mchanga na udongo mweusi wa mbugani. Vijiji hutengana na kivuli huwa haba. Upande wa Wilaya ya Songwe, kuelekea Mkwajuni, yapo pia maeneo ya wachimbaji wa dhahabu, ambako magari ya mizigo hutimua vumbi lizibalo macho, na mashimo ya zamani yanaweza kuwa pembezoni mwa njia. Usiiache njia iliyozoeleka bila kuongozwa na mwenyeji.

3. Majira hubadilisha njia

Songwe ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Barabara ile ile huwa na tabia mbili. Wakati wa kiangazi changarawe hulegea, vumbi huwa jingi, na magurudumu ya magari huchonga matuta madogo madogo yanayofanana na bati. Matuta hayo hulegeza nati na spoku. Masika yakifika, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na ule mweusi wa bondeni hunata kwenye tairi hadi gurudumu likagoma kuzunguka ndani ya uma wake. Baiskeli yenye nafasi finyu kati ya tairi na fremu haifai kabisa kwa njia ya bondeni wakati huo.

Kabla ya safari ndefu, ulizia hali ya madaraja na vivuko. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, vijiji na mitaa zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ofisi ya mtendaji wa kijiji nayo hujua ni korongo gani limefurika juzi. Usivuke maji yaendayo kasi ambayo huioni chini yake.

4. Mambo matano ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, breki. Simama kando ya baiskeli, kaza breki ya mbele peke yake, kisha isukume mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke, na la nyuma lianze kuinuka. Kaza ya nyuma peke yake na usukume tena: gurudumu la nyuma liburuzike pasipo kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, breki hiyo haifai hadi irekebishwe. Kisha omba maji kidogo, umwagie rimu na urudie jaribio. Rimu za chuma zilizopakwa rangi ya fedha hupoteza sehemu kubwa ya ushikaji zinapolowa. Za aluminiamu hushika vizuri zaidi. Anayeshuka kuelekea bondeni wakati wa mvua na ana rimu za chuma, tena akiwa na gunia kwenye keria, anahatarisha maisha. Ajue pia kwamba breki za raba hupasha rimu joto kwenye mteremko mrefu. Joto hilo laweza kulegeza gundi ya viraka na kupasua mpira wa ndani. Dawa yake ni kupunguza mwendo mapema, kuzitumia breki zote mbili kwa vipindi, na kusimama ili rimu zipoe.

Pili, magurudumu. Inua baiskeli na uzungushe kila gurudumu ukitazama nafasi iliyo kati ya rimu na raba ya breki. Nafasi hiyo isipanuke na kufinyika. Kisha bana spoku mbilimbili kwa vidole. Zote ziwe na ukazo unaokaribiana. Spoku moja iliyokatika huzielemea zilizobaki, na kwenye barabara yenye matuta zitafuatana kukatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, tairi na namba zake. Hapa wanunuzi wengi hupoteza fedha. Jina la inchi pekee halitoshi, kwa kuwa rimu zenye vipimo tofauti huitwa kwa inchi zile zile. Tazama ubavuni mwa tairi utafute namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu inayoikubali tairi hiyo. Baiskeli nyingi za kizamani za mizigo hutumia 635, na baiskeli nyingi za kisasa za changarawe hutumia 622. Zote mbili huitwa inchi 28 madukani, lakini tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Kadhalika inchi 26 yaweza kuwa 559 au 590. Kabla ya kununua baiskeli ya mtumba yenye kipimo usichokizoea, uliza kama tairi na mipira ya ndani ya namba hiyo hupatikana Tunduma, Vwawa au Mlowo. Baiskeli isiyo na vipuri karibu ina bei ya pili ambayo haikutajwa.

Kuhusu upana, changarawe iliyolegea na mchanga hudai tairi pana, la milimita 40 au zaidi. Usijaze upepo kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni. Upepo mwingi mno huifanya baiskeli iruke ruke na kuteleza. Mdogo mno huufanya mpira wa ndani ubanwe kati ya jiwe na rimu, ukatoboka.

Nne, gia. Hesabu meno ya gurudumu la meno la mbele na lile la nyuma, kisha gawa la mbele kwa la nyuma. Tuchukue mfano wa baiskeli isiyo na gia za kubadilisha, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. 44 ÷ 18 ni takriban 2.4. Gurudumu lake likisafiri karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, basi kila mzunguko wa pedali hukupeleka mita 5.4 hivi. Huo ni mwendo mzuri uwandani, lakini kwenye kilima cha Ileje utashuka na kusukuma. Baiskeli yenye gia nyepesi ya meno 32 mbele na 32 nyuma hukupeleka mita 2.2 tu kwa mzunguko, nayo hupanda polepole pasipo kukuvunja magoti. Wakati huo huo kumbuka kwamba gia nyingi zina vifaa vingi vya kuharibika. Kwa anayebeba mahindi uwandani, baiskeli ya gia moja inayojulikana na kila fundi yaweza kuwa chaguo la busara zaidi.

Tano, fremu na uma wa mbele. Pitisha kidole kwenye maungio yote, hasa chini ya usukani na pale mhimili wa pedali unapopita. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba yaweza kuficha ufa. Rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu nayo iulizwe. Panda baiskeli, iendeshe kwa mstari ulionyooka, na mwombe mwenzako atazame kwa nyuma kama magurudumu yote mawili hufuatana.

5. Sema unakokwenda, na iandikwe

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni ambayo kila mlaji angepaswa kuifahamu. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi mahususi anayoikusudia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wake, muuzaji huyo huwajibika kwamba bidhaa itafaa kwa matumizi hayo. Lakini kanuni hiyo ina mipaka miwili. Ukiomba kitu kwa jina lake la kibiashara tu, bila kueleza matumizi, kinga hiyo ya kufaa kwa matumizi mahususi hupungua au hutoweka. Na ukiwa umeikagua bidhaa, ni vigumu baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Ndiyo maana sehemu ya nne ya somo hili imetangulia sehemu hii.

Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe ile baiskeli nyekundu.” Sema, “Ndugu, natafuta baiskeli ya kutoka Mlowo hadi Kamsamba na kurudi, nikiwa na mzigo wa kilo 50, masika na kiangazi. Ipi itafaa?” Kisha omba maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi itakayosainiwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekataa kuandika anachokisifu kwa mdomo amekwisha kukujibu.

Risiti iliyotolewa kwa mashine ya kielektroniki ni haki yako na ni wajibu wa muuzaji anayetakiwa na sheria kuwa na mashine hiyo. Hakikisha ina tarehe, jina la duka na kiasi halisi ulicholipa. Ongeza kwa maandishi namba ya fremu, ambayo kwa kawaida huchongwa chini ya mhimili wa pedali au chini ya kiti. Namba hiyo itakusaidia baiskeli ikiibwa, na itakusaidia kuthibitisha kuwa hukuuziwa ya wizi. Kwa mtumba, mtake muuzaji aandike jina lake na kijiji au mtaa wake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkazi wa Tunduma hununua pia upande wa Nakonde. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambacho kimepunguza usumbufu wa taratibu za pande mbili. Bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo itolewe taarifa kwa maofisa wa forodha, na hati zake zitunzwe. Zingatia pia kwamba muuzaji aliye nje ya nchi hawezi kufuatwa kwa wepesi ule ule kama aliye mtaani kwako. Bei nafuu ya ng'ambo ipimwe pamoja na ugumu huo.

6. Kukodi na kuongozwa

Anayekodi baiskeli au kumlipa mwongozaji naye ni mlaji. Kabla ya kulipa, makubaliano yajibu maswali haya:

(a) Njia ni ipi, urefu wake ni upi, na sehemu ya kugeuzia ni wapi?
(b) Nani atalipia matengenezo baiskeli ikiharibika kwa uchakavu wake yenyewe?
(c) Nani hubeba pampu, viraka, gundi, mpira wa ndani wa akiba na vifaa vya kukaza nati?
(d) Mvua ikiifunga njia, fedha hurudishwa au safari huahirishwa?
(e) Mtu akiumia, gari litatoka wapi, na zahanati ya karibu iko kijiji gani?

Pigeni picha za baiskeli kabla ya kuondoka, pande zote mbili, ili michubuko ya zamani isihesabiwe kuwa yako. Anayejitangaza kuwa mfanyabiashara wa utalii aulizwe leseni yake. Usikubali kukodi baiskeli iliyoshindwa jaribio la breki, hata ukiahidiwa punguzo la bei.

Kuhusu mwendo, jipime mwenyewe. Endesha saa moja kwenye changarawe ukiwa na mzigo wako, kisha hesabu kilomita ulizokwenda. Hicho ndicho kipimo chako. Mwendo wako wa kwenye lami usiutumie kupanga safari ya changarawe. Gawa maji yako katika mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la dharura. Fungu la tatu lisiguswe kabla hujakiona kijiji cha mwisho.

7. Bidhaa isipofaa

Acha kuitumia, usiitengeneze kwanza, na ipige picha. Rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, na umweleze kwa utulivu unachodai: matengenezo, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mkishindwa kuelewana, andika malalamiko ukiambatisha nakala za hati. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hushughulikia mwenendo wa kumpotosha mlaji na bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania hushughulikia ubora na usalama wa bidhaa. Dai la fedha laweza pia kufikishwa mahakamani. Katika ngazi zote hizo, swali la kwanza litakuwa lile lile: uliambiwa nini, na kimeandikwa wapi?

Zoezi

1. Chagua njia moja unayoipita mara kwa mara. Andika sentensi tano zinazoeleza udongo wake, miteremko yake, urefu wake, hali yake wakati wa masika, na mahali fundi anapopatikana.
2. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi la baiskeli iliyopo nyumbani. Upana ni upi, na kipenyo cha rimu ni kipi?
3. Fanya jaribio la breki, pakavu na palipolowa. Je, ungemkabidhi mwanao baiskeli hiyo ashuke nayo mteremko mrefu kuliko yote unaoujua?
4. Andika maneno utakayomwambia muuzaji siku utakapokwenda kununua. Yasome mbele ya mwenzako. Akiweza kuitambua njia yako kwa maneno hayo tu, umejiandaa.